PORSCHE 911 MPYA: SIKU YA KWANZA KWENYE USUKANI NI WOGA, RAHA INAKUJA BAADAYE

Najua wengi hapo kafe mmelipia nusu saa tu, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye mada.

Kila nikiandika kuhusu magari napata swali lile lile: hivi mtu akinunua gari la michezo la bei mbaya, siku ya kwanza anajisikiaje? Mimi niwe mkweli, sijawahi kumiliki hata pikipiki. Ila ninaye wa kumuuliza. Ba mdogo wangu ni mhandisi, anaishi Ujerumani, mitaa ya Stuttgart, tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Mwaka 2025, baada ya kudunduliza miaka na miaka, alichukua Porsche 911 Carrera mpya, haina hata mkwaruzo. Nilimpigia simu nikijua atanisimulia raha tupu. Kumbe wapi! Neno la kwanza aliloniambia ni "niliogopa."

Sasa leo nawaelezea kwa nini aliogopa, na gari lenyewe linafanyaje kazi. Ukielewa hilo, hata siku ukiendesha Vitz ya shemeji yako litakusaidia.

KUKABIDHIWA GARI

Hizi 911 zinatengenezwa Zuffenhausen, ambayo ni sehemu ya jiji la Stuttgart. Mteja akitaka anaweza kwenda kuchukua gari lake pale pale kiwandani. Ba mdogo alienda. Wakamuelezea kila kitu, wakampa ufunguo, halafu yeye akakaa ndani kama dakika kumi bila kuwasha. Anasema mikono ilikuwa inatoka jasho.

Cha kwanza alichotafuta ni sehemu ya kuwashia. Kwenye Porsche inakaa kushoto kwa usukani, hata kama gari lenyewe usukani uko kushoto. Wanasema ni kumbukumbu ya mashindano ya Le Mans ya zamani, ambapo madereva walikuwa wanakimbia kwa miguu kwenda kwenye magari yao, wanawasha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unaweka gia. Kwenye toleo lililotoka 2024 ni kitufe cha kubonyeza, na ule mshale wa mizunguko ya injini uliokuwa katikati ya dashibodi umekuwa picha kwenye skrini. Ba mdogo hilo lilimuuma kidogo. Alizoea kuuona ule mshale kwenye picha tangu akiwa kijana Tanga.

KWA NINI AOGOPE?

Tuangalie namba. Vitz ya cc 1000 ina nguvu za farasi kama 70 hivi. Hii 911 Carrera ina 394. Uzito wake ni zaidi ya kilo 1,500. Kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa inatumia sekunde 4.1. Hebu hesabu kwa mdomo: moja, mbili, tatu, nne. Tayari uko 100. Mwendo wa mwisho ni kilomita 294 kwa saa.

Bei yake kule Ujerumani ilianzia zaidi ya euro 120,000, na hapo hujaongeza vikorokoro. Kwa hiyo unapotoka getini, kichwani una mambo mawili: nguvu usiyoizoea, na deni la maisha yako limekaa chini ya makalio yako. Kila lori linalokupita unaliona linakuja kwako.

Lakini kitu cha kwanza kilichomshangaza ni upole. Mjini gari linaenda taratibu kama gari la mama wa nyumbani. Gia ni otomatiki, ziko nane, zinabadilika bila kushtua. Unaweza kwenda nayo sokoni. Tatizo unakaa chini sana, yaani madirisha ya basi unayatazama kama ghorofa, na kila ukingo wa barabara unaogopa utakwangua rimu. Nikamuuliza, je matuta ya kwetu? Akacheka tu.

Kingine, buti liko mbele. Ukifungua boneti unakuta sehemu ya begi, injini haipo.

INJINI IKO WAPI SASA?

Hapa ndo penyewe, someni vizuri. Injini ya 911 imekaa nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli ya tairi za nyuma. Mambo haya yanatokana na Volkswagen Beetle, vile vigari vya mviringo ambavyo wazee wetu walivipenda. Beetle ilibuniwa na Ferdinand Porsche, injini nyuma, inapozwa kwa upepo. Mtoto wake Ferry Porsche akaanza kutengeneza magari ya michezo kwa mtindo huo huo, na mwaka 1963 kule Frankfurt ikaonyeshwa gari iliyochorwa na mjukuu, Ferdinand Alexander Porsche. Mwanzoni iliitwa 901. Peugeot wakalalamika kwamba majina ya namba tatu yenye sifuri katikati ni yao, ndo ikawa 911. Upepo wa kupozea injini ulikuja kuachwa miaka ya tisini mwishoni, wakahamia maji.

Injini yenyewe ina silinda sita zilizolala, tatu kulia tatu kushoto, pistoni zinapigana kama mabondia. Wale wa Subaru mtanielewa, ni mtindo ule ule ila Subaru nyingi zina silinda nne. Faida yake injini inakaa chini, gari haliyumbi ovyo.

Sasa kuweka uzito nyuma kuna uzuri na ubaya. Chukulia baiskeli ya muuza mkaa. Gunia likiwa nyuma, tairi la nyuma linashika barabara kweli kweli, halitelezi ukikanyaga pedali. Ndo maana 911 inaondoka kama jiwe la manati. Lakini muulize muuza mkaa nini kinatokea akifika kwenye kona kwa kasi halafu akashtuka akafunga breki. Lile gunia linataka kuendelea kwenda lilikokuwa linaenda. Nyuma inataka kuja mbele. Na 911 ni hivyo hivyo: ukiingia kona kwa kasi halafu ghafla ukaachia mafuta, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, mkia unachomoka. 911 za zamani ziliwaumbua watu wengi kwa jambo hilo. Hizi za sasa zina tairi pana sana nyuma, milimita 295, na kompyuta inayobana breki ya tairi moja moja kabla hujapotea. Ila sheria za fizikia hazijafutwa, wadau.

SIKU YA TATU, MVUA

Siku ya tatu ba mdogo alitoka kazini, kamvua kadogo, lami imelowa. Kwenye magurudumu ya mbele 911 ina vifaa vinavyosikiliza sauti ya maji yanayorushwa na tairi. Ikisikia maji inakupa taarifa kwenye skrini, inakushauri uweke mpangilio wa mvua, ambapo mafuta yanaitika taratibu na kompyuta inakaa macho zaidi. Aliiona taarifa. Akaipuuza. Anasema alijiambia, mimi naendesha huku miaka yote hii.

Kwenye kona ya kuingilia barabara kuu akaona gari mbele limepunguza mwendo, akaachia mafuta ghafla. Mkia ukacheza kama wa samaki. Sekunde moja tu. Kompyuta ikalidaka, gari likanyooka. Kwa dereva wa nyuma labda hakuna kilichoonekana. Yeye alienda kusimama kituo cha mafuta, akazima, akanipigia mimi. Huku kwetu ilikuwa saa mbili usiku, niko na bibi tunakula. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Na kosa halikuwa la gari, anakiri mwenyewe. Isitoshe tairi mpya zinateleza kidogo mpaka zitembee kilomita mia kadhaa, ule ungozi wa juu utoke. Hata kitabu cha gari kinashauri kilomita 3,000 za mwanzo uende nalo kistaarabu, usiifinye injini.

BARABARA ISIYO NA KIKOMO

Najua mnachosubiri. Autobahn! Ni kweli, sehemu nyingi za Autobahn hazina kikomo cha mwendo. Ila kuna mwendo unaoshauriwa, kilomita 130 kwa saa, uliwekwa tangu 1978. Ukizidisha hukamatwi, lakini ikitokea ajali unaweza kubebeshwa sehemu ya lawama hata kama kosa lilianza kwa mwenzio.

Mimi nilimuomba anitumie video akiwa 250. Alikataa. Akanipa hesabu badala yake. Ukiwa kilomita 200 kwa saa unatembea mita 55 kila sekunde. Uwanja wa mpira una mita kama 105. Maana yake ukipepesa macho, ukashtuka, mpaka mguu ufike kwenye breki umeshakula nusu uwanja na hujaanza hata kupunguza. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuizuia inaongezeka mara nne. Mwendo mkubwa aliofika yeye siku za mwanzo ni 180, asubuhi ya Jumapili, barabara nyeupe, na anasema ilimtosha.

TAIRI

Sasa niwaambie kitu ambacho sikutaka kukiandika. Baba yangu mzazi alifariki mwaka 2012 kwa ajali ya basi. Tairi la mbele lilipasuka. Ba mdogo ni mdogo wake wa kufuatana, ndo aliyenisomesha mpaka nikamaliza kidato cha nne. Pale Zuffenhausen, kabla hajauliza farasi wala redio, aliinama akasoma tarehe ya tairi. Wale Wajerumani walimshangaa.

Kila tairi lina herufi DOT ubavuni, na mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1525 ni wiki ya 15 ya mwaka 2025. Mpira unazeeka hata kama kashata bado nene, unakuwa mkavu, unapoteza kushika.

Mnamkumbuka Paul Walker wa Fast & Furious? Alifariki Novemba 30, 2013 huko California, akiwa abiria kwenye Porsche Carrera GT. Uchunguzi wa polisi ulisema chanzo ni mwendo, walikadiria mpaka maili 93 kwa saa ambazo ni kama kilomita 150, sehemu yenye kikomo cha maili 45. Na tairi za gari hilo zilikuwa na umri wa miaka tisa. Gari la mamilioni, tairi la miaka tisa. Sasa sisi na tairi zetu za mtumba tunajiona tuko salama kwa sababu zinang'aa?

MANENO YA UKOO

Haikukosekana. Shangazi alisema hela hiyo ingejenga nyumba ngapi, na bati la bibi linavuja. Nami nakiri siku ya kwanza nilikuwa upande wa shangazi, maana ada ya chuo sina mpaka leo. Nilimwambia ba mdogo hivyo hivyo, kwa adabu lakini nilimwambia. Alinyamaza, halafu akasema baba yako na mimi tukiwa wadogo tulikuwa tunakata picha za hili gari kwenye magazeti. Mwaka 1978 Vic Preston Jr, Mkenya, alishika nafasi ya pili Safari Rally na Porsche 911. Stori hiyo baba alikuwa anaisimulia kama vile na yeye alikuwepo ndani ya gari. Waliahidiana wa kwanza kuipata atampa mwenzie azungushe.

Bati la bibi limebadilishwa mwezi uliofuata. Ada bado tunaongea. Na ile 911 anaiendesha Jumapili tu, mvua ikinyesha anaweka ule mpangilio bila kuambiwa mara mbili.

Nikamuuliza swali la mwisho, woga umeisha? Akasema haujaisha, umepungua ukawa heshima, na siku ukiisha kabisa atauza gari.

Haya wadau, kabla hamjaondoka hapo kafe, nendeni mkaangalie tairi za daladala mtakayopanda kurudi nyumbani. Tarakimu nne za mwisho. Mkishaziona njooni mtuambie hapo chini mmekuta mwaka gani. Tupo pamoja.