Dari ikishuka, kabati lijengwe wapi?

Chini ya ngazi za nyumba za Muscat, na chini ya mapaa ya vyumba vya juu barani Ulaya, zimo pembe ambazo mtu mzima hawezi kusimama. Makala yetu ya leo yanaeleza namna pembe hizo zinavyoweza kugeuzwa kabati la kudumu la chumba cha kulala, na mambo ya kuchunga kabla seremala hajashika msumeno.

Tuko Muscat, mji mkuu wa Oman. Ukiutazama mji huu kutoka katika vilima vya Mutrah, utabaini mara moja kwamba nyumba zake nyingi ni nyeupe na zina mapaa tambarare. Mvua inayonyesha hapa kwa mwaka mzima ni takriban milimita 100 tu, hivyo mjenzi hana sababu kubwa ya kuliinamisha paa ili maji yateremke. Huko Zanzibar, kunakonyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, paa la makuti au la bati halina budi kuwa na mteremko.

Basi huenda ukauliza, katika mji wa mapaa tambarare dari ya mshazari inatoka wapi? Jibu ni ngazi. Nyumba nyingi za familia hapa zina ghorofa mbili, na ngazi huendelea hadi juu ya paa, kwenye matangi ya maji. Chumba kilichopakana na ngazi hizo mara nyingi hupata upande mmoja ambao dari yake hushuka hadi sakafuni. Na kwa msikilizaji aliyeko Hamburg, London au Copenhagen, dari ya mshazari ni jambo la kila siku, kwani wengi hupanga vyumba vya juu kabisa, chini ya paa lenyewe.

Swali ni moja kote: pale pasipotosha mtu, patatosha nini?

Si jambo geni

Wahenga wa pwani walilijibu swali hilo zamani. Katika nyumba za udongo na makuti, nafasi iliyo kati ya kuta na paa haikuachwa bure. Palijengwa uchaga, yaani jukwaa la miti, na juu yake yakawekwa mahindi, mtama na mbegu za msimu ujao. Uchaga ukiwa juu ya meko, moshi ulikausha nafaka na kuwafukuza wadudu. Mtu hakuweza kusimama pale, lakini chakula cha familia kilikaa salama.

Katika nyumba za mawe za Lamu, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nafasi ilitafutwa ndani ya ukuta wenyewe. Kuta za matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na humo vilichongwa vidaka, au zidaka kama wanavyosema wenyewe, safu juu ya safu, vikawekwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China. Vyumba vilikuwa vyembamba kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Kabati la kusimama lingekula nusu ya chumba, kidaka hakikula kitu.

Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Ghuba, na nyumba za kale za Oman nazo zina vishubaka ukutani, vinavyoitwa rozana. Pembeni mwa vishubaka hivyo hukaa kasha la mbao lililopigwa misumari ya shaba, ambalo Waomani huliita mandusi na ambalo watu wa Zanzibar wanalijua vyema. Katika jumba la makumbusho la Bait Al Zubair, lililofunguliwa hapa Muscat mwaka 1998, mgeni anaweza kuviona vyombo vya nyumbani vya zama hizo. Kasha lilikuwa kabati la msafiri: likibebwa, mali yote ilibebwa. Kabati la kujengea ni kinyume chake. Ni la mtu aliyekwisha kuamua kukaa.

Kila kitu kina kimo chake

Kosa la kawaida ni kumwita seremala aje kupima ukuta kabla mwenye nyumba hajapima vitu vyake. Chini ya dari ya mshazari, kipimo cha vitu ndicho kinachotangulia. Kanzu au buibui ikitundikwa inataka kimo cha mita 1 na sentimita 60 hivi. Shati au koti fupi linataka mita moja. Nguo zilizokunjwa, mashuka na viatu havitaki zaidi ya sentimita 30 au 40 kwa kila rafu. Na nguo ikitundikwa kwa upana wa mabega, kabati linahitaji kina cha sentimita 60.

Baada ya hapo ndipo utazame mteremko wako ni wa aina gani, kwa maana ziko aina mbili, na kila moja ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni ya chini ya ngazi. Hapa dari hushuka kutoka kulia kwenda kushoto, au kinyume chake, mbele ya macho yako. Kidato cha kawaida kina kimo cha sentimita 17 na upana wa sentimita 28, kwa hiyo kila unaposogea mita moja kuelekea upande mrefu, dari hupanda kwa sentimita 60 hivi. Gawa nafasi hiyo mafungu matatu: upande mrefu uwe wa kanzu na mabuibui, wa katikati uwe wa mashati, na upande mfupi uwe wa droo. Ila kumbuka kwamba kina cha chini ya ngazi ni sawa na upana wa ngazi zenyewe, pengine mita nzima. Rafu yenye kina cha mita moja ni kaburi la vitu: kilichosukumwa nyuma hakionekani tena. Ndiyo maana mafundi hodari huweka masanduku marefu ya kuvuta yenye magurudumu, ambayo hutoka yote nje pamoja na vilivyomo.

Aina ya pili ni ya chumba cha chini ya paa. Hapa dari huanza chini ukutani na kupanda kuelekea kwako. Ikiwa mteremko ni wa nyuzi 45, hesabu ni nyepesi: kila unapotoka ukutani kwa sentimita 10, dari hupanda kwa sentimita 10. Ukuta wa pembeni ukiwa na kimo cha mita moja, basi uso wa kabati lenye kina cha sentimita 60 utakuwa na kimo cha mita 1 na sentimita 60. Lakini mteremko ukiwa wa nyuzi 30, uso huo utafikia mita 1 na sentimita 35 tu, na kanzu yako itaburura. Hapo panafaa droo na mashati, na kanzu zitafutiwe ukuta ulio wima.

Sheria za nchi kadhaa zinaitambua tofauti hiyo ya kimo. Nchini Ujerumani, kwa kanuni inayotumika tangu Januari 2004 katika kupima ukubwa wa makazi, sehemu ya chumba yenye kimo cha chini ya mita moja haihesabiwi kabisa, na ile iliyo kati ya mita moja na mbili huhesabiwa nusu. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 1996 ihusuyo uuzaji wa makazi katika majengo yenye wamiliki wengi huiacha nje sehemu isiyofikia mita 1 na sentimita 80. Kwa hiyo anayeishi chini ya paa huenda ana nafasi sakafuni kuliko ile iliyoandikwa katika karatasi zake, na kabati la kujengea ndilo njia ya kuifaidi.

Mlango, bawaba na mchoro

Mlango wenye kichwa cha mshazari huwatia wengi katika taabu. Mahali ambapo dari inaendelea mbele ya kabati kwa mteremko ule ule, bawaba ziwekwe upande mrefu wa mlango. Zikiwekwa upande mfupi, ncha ndefu ya mlango itazunguka kuelekea dari iliyo chini na kugonga. Milango ya kusukuma pembeni ni mizuri mahali ambapo kitanda kiko karibu, ila inataka reli iliyonyooka na uso wa mstatili.

Hapa Muscat karakana nyingi za useremala ziko katika maeneo ya viwanda kama Wadi Kabir, na mafundi wengi wametoka Bara Hindi. Mteja asemaye Kiswahili na Kiarabu anaweza kukuta hasikilizani na fundi. Dawa ni mchoro wenye tarakimu, kwa sentimita peke yake, bila kuchanganya na inchi. Pima kila kimo mahali patatu, kwa sababu kuta na dari hazinyooki kama zinavyoonekana, kisha kata kigezo cha boksi gumu kinachofuata mteremko, ukijaribishe mahali pake, ndipo ukipeleke kwa fundi. Boksi likikatwa vibaya hugharimu sufuri, ubao hugharimu riali.

Joto, unyevu na ukungu

Adui mkubwa wa kabati la pembeni ni hewa iliyotuama. Katika nchi za baridi, hewa ya chumbani yenye unyevu hupenya nyuma ya kabati, hukutana na paa lililopoa, na kugeuka matone. Miezi michache baadaye nguo zina madoa meusi. Muscat mambo ni kinyume: kiyoyozi hupoza ndani ilhali nje, wakati wa kiangazi, pana joto na unyevunyevu wa bahari. Familia ikisafiri na kuzima viyoyozi, kabati lililofungwa kabisa hulea ukungu.

Tiba ni ile ile pande zote mbili. Acha uwazi wa sentimita tatu hadi tano kati ya mgongo wa kabati na ukuta wa nje au paa, na toboa matundu ya hewa chini na juu ili hewa ipande. Karibu na bomba la maji chagua plaiwudi inayostahimili maji, maana mbao za unga wa miti ulioshindiliwa huvimba zikilowa na hazirudi tena. Na wale tunaopenda nguo zinukie udi, nguo zifukizwe nje ya kabati. Chetezo chenye kaa la moto hakiingizwi kabatini, hata kwa dakika moja.

Yasiyofaa kufichwa

Chini ya ngazi mara nyingi hupita nyaya za umeme, bomba litokalo kwenye tangi la juu, na pengine sanduku la swichi kuu. Vyote hivyo viachiwe mlango wake, usiozibwa na rafu. Mtungi wa gesi usiwekwe humo kamwe. Kama ngazi ni za wapangaji wote, nafasi iliyo chini yake si kabati la mtu: moto ukizuka, hiyo ndiyo njia ya kutokea. Na kwa kuwa watoto hupenda kujificha, mlango uwe unaoweza kusukumwa kutoka ndani.

Lipo na jambo la maji. Mnamo Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga Oman, watu wapatao 50 wakapoteza maisha, na mitaa ya chini ya Muscat, ikiwemo Qurum, ikafurika. Maji yakiingia nyumbani, droo ya chini kabisa ndiyo huanza kulowa. Kwa familia zilizotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na zile zilizokuja kuanzia mwaka 1970 Sultan Qaboos alipowaita Waomani warejee, cheti cha ndoa ya bibi au picha ya nyumba ya Mji Mkongwe haina nakala nyingine. Vitu hivyo visiwekwe katika pembe ya chini eti kwa kuwa havitumiki kila siku. Vipewe rafu ya juu, katika mfuko usiopenya maji, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua.

Mwisho ni la mpangaji. Kabati likishajengwa ukutani, siku ya kuhama halihami nawe. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na mkubaliane mapema nani atalipa na nani atabaki nalo. Asipokubali, makasha mafupi yenye magurudumu yanaweza kufanya kazi ile ile chini ya mteremko, mradi uyavute mbele kwanza ili mfuniko upate pa kufungukia.

Ndivyo ilivyo, msikilizaji. Kama una pembe ya namna hiyo nyumbani kwako, anza na futi ya kupimia na karatasi, uandike vimo vya nguo zako kabla ya kimo cha ukuta.