Je, Wajua? Jicho Halibebi Matone Mawili ya Dawa

Tone moja linalodondoka kutoka kwenye chupa ya dawa ya macho huwa na mikrolita 30 hadi 50. Jicho lenyewe, hata ukivuta kope ya chini, haliwezi kushika zaidi ya mikrolita 30 hivi, na humo tayari mna machozi ya mikrolita 7. Kwa hiyo tone la kwanza tu limeshazidi. La pili na la tatu hutiririka shavuni, au huingia kwenye kitundu kilicho pembeni mwa jicho karibu na pua na kushuka hadi kooni. Ndiyo maana mtu hutia dawa jichoni akahisi uchungu ulimini.

Dawa ya macho inajulikana sana Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, mtoto akiamka kope zimegandana kwa matongotongo, safari ya kwanza ni kwenye kemisti ya mtaani. Rafuni hukosi kloramfenikoli ya asilimia 0.5, gentamaisini ya asilimia 0.3, siprofloksasini ya asilimia 0.3, au tyubu ya mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1. Zote ni antibayotiki, na zote zina adui mmoja tu: bakteria.

Kloramfenikoli ndiyo yenye historia ya kushangaza. Chimbuko lake ni udongo wa shamba karibu na Caracas, mji mkuu wa Venezuela. Mwaka 1947 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kijidudu kimoja cha udongo huo, Streptomyces venezuelae, hutengeneza kemikali inayozuia bakteria wa aina nyingi. Miaka miwili baadaye kikundi cha wanakemia, akiwemo Mildred Rebstock, kiliweza kuiunda maabara bila kumtegemea kijidudu huyo. Kazi ya kloramfenikoli ni kuvuruga kiwanda cha protini ndani ya bakteria. Bakteria asiye na protini mpya hakui wala hazaani, na kinga ya mwili humalizia kazi. Baadaye iligunduliwa kwamba ikimezwa au kudungwa inaweza, kwa watu wachache sana, kuua uwezo wa mifupa kutengeneza damu, na matumizi yake ya tembe yakapungua. Kwenye macho imebaki, kwa sababu kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Hata hivyo, mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kupata tatizo hilo hapaswi kuitumia.

Shida ni kwamba si kila jicho jekundu lina bakteria. Mapema mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, kisha ukaonekana Mombasa. Huo ulikuwa wa virusi, na kwa virusi antibayotiki haifui dafu. Wako pia watoto wengi wanaosumbuliwa na mzio, hasa vumbi linapotimka barabarani. Dalili husaidia kutofautisha, ingawa si kwa uhakika kamili. Bakteria huleta matongotongo mazito ya manjano au ya kijani yanayogandisha kope asubuhi. Virusi huleta maji mengi, mara nyingi pamoja na mafua, na kuruka kutoka jicho moja hadi la pili. Mzio huwasha macho yote mawili, na mtoto hashibi kuyafikicha.

Hata bakteria wenyewe, kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi huondoka bila dawa ndani ya siku 7 hadi 10. Matone hufupisha siku za kuugua.

Kwa mtoto mchanga habari ni nyingine kabisa. Kisonono cha mama kikiingia machoni mwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kinaweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku chache. Nairobi ina nafasi yake katika kinga ya ugonjwa huu. Mwaka 1988 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali ya uzazi jijini humu kwa watoto 2,732. Ulilinganisha matone ya nitrati ya fedha, yaliyoanzishwa Ujerumani na daktari Carl Credé karibu na mwaka 1880, na mafuta ya tetrasaiklini. Kwa watoto waliozaliwa na mama wenye kisonono, maambukizi yalipungua kwa asilimia 83 kwa nitrati na 93 kwa tetrasaiklini. Lakini hayo mafuta ni ya kukinga. Kichanga ambaye macho yameshavimba na kutoa usaha ni wa kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo, maana anahitaji sindano.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye chupa zinazochanganya antibayotiki na steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe kama vile deksamethasoni au betamethasoni. Mtu akitia, wekundu hutoweka haraka naye husifu dawa. Mama wa mtoto mwenye mzio hurudi kuinunua kila mwezi. Polepole presha ya jicho hupanda, mshipa wa kuona huharibika, na wengine hupata mtoto wa jicho wakiwa bado shuleni. Kama ndani ya jicho mna virusi vya hepesi au fangasi, steroidi huvipa nafasi ya kula kioo cha jicho. Soma boksi kabla ya kulipa, na uliza: hii ina steroidi?

Mafundi wa Kariobangi Light Industries na Kamukunji nao wana onyo lao. Chembe ya chuma iliyoruka wakati wa kusaga au kuchomelea haitolewi na matone. Jicho likiuma, likiona ukungu, likikimbia mwanga au likiwa na doa jeupe, hilo ni la daktari, kama vile jicho lolote jekundu la mtu anayevaa lenzi.

Ukiandikiwa dawa, nawa mikono kwanza. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini na utie tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Fumba, kisha bonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie kooni. Kama una dawa ya pili, subiri dakika 5. Endelea hadi siku ulizoambiwa ziishe, na usipoona nafuu baada ya siku mbili, rudi.

Matone ya kloramfenikoli kwa kawaida hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Anayeishi chumba kimoja bila friji amwambie mhudumu, kwani mafuta ya tetrasaiklini hustahimili nje ya friji mradi yasipigwe na jua. Chupa ikishafunguliwa, andika tarehe. Baada ya siku 28 ni ya kutupwa. Chupa chafu ni hatari: nchini Marekani, matone ya kulainisha macho yaliyoingiwa na bakteria sugu yaliwaambukiza watu 81 kufikia Mei 2023, wanne wakafariki.

Kwa hiyo usiazime chupa ya jirani wa ploti, wala taulo lake. Usitie maziwa ya mama wala chai jichoni. Nchini Kenya antibayotiki ni dawa ya kutolewa kwa maagizo ya mhudumu wa afya, basi mwone kwanza, iwe ni kwenye kituo cha afya cha mtaa au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Akikuandikia matone, kumbuka: tone moja linatosha, na chupa moja ni ya mtu mmoja.