Mtende na Mkindu

Wasikilizaji wetu, mtu akiuziwa mche wa mkindu kwa jina la mtende, atautilia maji miaka mingi wala asile tende. Miti hii ni ndugu. Wataalamu huiita yote miwili Phoenix, nayo huvumilia jua kali. Majani yake yamechanika kama unyoya, si kama upepeo yalivyo ya mvumo na mkoma. Yote miwili ina miiba penye kikonyo cha jani, basi miiba si dalili.

Tazameni rangi. Jani la mtende ni gumu, la kijivujivu. La mkindu ni kijani kibichi chenye kung'aa, nalo hupinda chini. Mkindu mkubwa huwa na mashina mengi membamba, yaliyoinama huku na huku. Matunda yake ni madogo, nyama yake haba. Lakini tusiudharau, maana ukindu ndio tusukao mikeka.

Tena mtende dume ni mbali na jike, na kokwa haikuambii itatoa upi. Atakaye tende na achukue chipukizi shinani mwa mtende uliokwisha kuzaa, na dume liwe karibu.