Je, Wajua? Gemu Moja, Miisho Zaidi ya Kumi

Je, wajua kwamba Chrono Trigger, gemu iliyotolewa na kampuni ya Square nchini Japani mwaka 1995, hadi leo hutajwa miongoni mwa gemu bora za konsoli kwa hadithi na mapigano?

• Waundaji: Iliwakutanisha Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest na Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball.

• Hadithi: Kijana Crono na wenzake husafiri kutoka zama hadi zama ili kumzuia Lavos, dubwana litakaloteketeza dunia mwaka 1999. Unachotenda zama moja huonekana nyingine: ukimwacha Robo, roboti mwenzao, mwaka 600 afufue msitu, utamkuta mwaka 1000 akiwa amefanya kazi hiyo kwa karne nne.

• Mapigano: Hupiganwa palepale mlipokutana na adui. Unaingia na wapiganaji watatu, na wawili au wote wanaweza kuunganisha mbinu zao kuwa pigo moja kubwa.

• Mwisho: Ukishamaliza, waweza kuanza upya ukiwa na nguvu na silaha ulizochuma. Hapo Lavos unaweza kumkabili mapema, na wakati unaochagua kumshinda ndio huamua hadithi itaishaje.

Haihitaji konsoli ya zamani: ilitolewa tena kwa Nintendo DS mwaka 2008, kisha kwa simu na kompyuta. Kwa anayeanza gemu za aina hii, ni mlango mzuri.