Vumbi, Moshi na Maziwa: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Kiangazi kikikolea kijijini kwetu Endamarariek, lori moja tu likipita kwenye barabara ya udongo huacha wingu jekundu linalotua juu ya mabati, nguo zilizoanikwa na mbaazi shambani. Hapo ndipo kila mtu huwa na lake la kusema kuhusu hewa, na bila shaka umeyasikia yote. Tuyapime moja moja.

"Hewa chafu ni ya Dar es Salaam, huku kwetu ni safi tu."

Si kweli. Foleni na viwanda hatuna, lakini kuni tunazo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chembe laini hewani zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Ndani ya nyumba inayopikiwa kwa kuni na isiyopitisha hewa vizuri, chembe hizo zinaweza kuzidi kiwango salama mara 100. WHO inakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama anayepuliza moto kwenye mafiga, mtoto akiwa mgongoni, anaweza kuvuta hewa mbaya kuliko ya Kariakoo.

"Glasi ya maziwa huondoa vumbi kifuani."

Si kweli. Wachimbaji, mafundi rangi na madereva wote huambiwa hivyo. Maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni, ilhali vumbi limeingia kwa njia ya hewa. Mapafu yana usafi wake: ute hunasa chembe kubwa na vinyweleo vidogo huusukuma juu mpaka uukohoe. Ndiyo maana baada ya safari ya kiangazi unatema makohozi mekundu. Chembe zisizozidi mikromita 2.5, ambazo unene wa unywele unazishinda karibu mara 30, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, na nyingine huingia kwenye damu. Maziwa yanywe kwa sababu ni chakula kizuri.

"Mkaa ukishaiva ukawa mwekundu, hauna madhara."

Si kweli, na imani hii inaua. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko chumbani na kufunga mlango. Moshi unaoonekana umekwisha, lakini mkaa bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unasinzia, na huenda usiamke. Jiko lilale nje.

"Hewa ya alfajiri ndiyo safi kuliko zote."

Nusu kweli. Vumbi la barabarani huwa limetulia. Lakini usiku wa baridi usio na upepo, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu yake, na ile ya juu huifunika kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa majiko ya asubuhi hukosa pa kwenda. Utauona umejilaza bondeni mpaka jua lipande.

"Simu ikionyesha rangi ya kijani, hewa ni salama."

Nusu kweli. Pasipo na kipimo karibu, programu hutumia makadirio ya setilaiti na kompyuta kwa eneo pana, pengine la makumi ya kilomita. Inafaa kujua hali ya wilaya kwa siku hiyo. Lori lililopita mlangoni na moshi wa jikoni kwako haivioni.

"Nyunyiza maji kabla ya kufagia."

Kweli kabisa. Bibi zetu walikuwa sahihi: unyevu hushikanisha chembe zisipae, na ndivyo pia mvua inavyoiosha hewa. Walikuwa sahihi tena walipotundika mahindi ya mbegu juu ya moto, kwa kuwa moshi hufukuza fukusi. Ila moshi unaomshinda mdudu haumfai mtoto.

"Bila gesi, huna la kufanya."

Si kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na inafaa tuudai utekelezwe hadi vijijini. Wakati huohuo, pika kwa kuni zilizokauka sawasawa, maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Fungua dirisha na mlango hewa ipite. Mtoto akae mbali na moto. Na ukitaka kupika makande kesho, loweka mahindi na maharage leo usiku: yataiva mapema, utachoma kuni chache, na muda wako kwenye moshi utapungua.