Programu ya Kuchorea kwa Karakana Ndogo: Pima Kabla ya Kulipa

Mashine za kuchonga mbao na kukata vyuma kwa kuongozwa na kompyuta, zijulikanazo kwa jina la CNC, si mali ya viwanda vikubwa pekee siku hizi. Familia inayokusudia kutia kiinua mgongo cha baba au mama katika mashine ya namna hiyo hupiga hesabu ya mashine, umeme na mbao. Hesabu ya programu ya kuchorea husahauliwa, nayo ndiyo iwezayo kula faida kila mwezi.

Kwanza ieleweke kwamba kazi hii hupitia ngazi tatu. Ya kwanza ni kuchora kifaa kwa vipimo, yaani CAD. Ya pili ni kupanga njia ya kisu, mwendo wake na kina chake; hiyo ni CAM, ambayo huandika maagizo yaitwayo G-code. Ya tatu ni programu inayoyasoma maagizo hayo na kuiendesha mashine. Mchoro ulio mzuri haufai kitu ikiwa mashine haielewi maagizo yake.

Zipi za bure?

Anayekata grili za madirisha, mapambo ya mageti au vibao vya maandishi anahitaji michoro bapa tu. LibreCAD humtosha, na Inkscape humsaidia katika herufi na maua. Anayechonga vipuri vyenye unene na atazame FreeCAD. Programu hii ilianza mwaka 2002, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ni ya bure hata kwa biashara, haihitaji intaneti ili kufanya kazi, ina sehemu ya kupanga njia ya kisu, na huandika maagizo ya mashine zinazotumia GRBL au LinuxCNC. Ugumu wake ni kwamba hudai uvumilivu wa majuma kadhaa katika kujifunza.

Za kukodi

Fusion ya Autodesk hutolewa bure kwa matumizi binafsi, si kwa biashara. Tena mwaka 2020 toleo hilo la bure lilipunguziwa uwezo, ukiwamo mwendo wa kasi wa mashine pale isipokata. Onshape nayo ina mlango wa bure, lakini michoro yake huwa wazi kwa watu wote, na biashara hairuhusiwi. AutoCAD iliacha mwaka 2016 kuuza leseni mpya za kudumu. Mtumiaji sasa hulipa ada ya muda, na ada ikikoma, programu hufungwa.

Wako wanaokimbilia nakala za wizi. Hapa Uganda, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta pia. Isitoshe, nakala hizo zaweza kuingiza virusi katika kompyuta yenye michoro yote ya wateja. Nyumba ya mlinzi wa sheria haipendezi kuwa mahali pa kuivunjia.

Jaribio la ubao mmoja

Kabla ya kulipa chochote, chora mraba wa milimita 100 wenye tundu la mraba la milimita 40 katikati. Upitishe ngazi zote tatu, ukate kwenye kipande cha ubao, kisha upime. Kifaa kikitoka kidogo mara 25.4, inchi na milimita zimechanganywa. Pembe za tundu zikitoka mviringo, si kosa la programu: kisu cha duara chenye kipenyo cha milimita 6 huacha mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3. Fundi hupaswa kulijua jambo hilo tangu anapochora.

Hifadhi pia kila mchoro bapa kwa mtindo wa DXF, na wa kifaa chenye unene kwa mtindo wa STEP. Programu nyingi huisoma mitindo hii, hivyo ukihama hutaanza upya.

Anza na ya bure. Lipia nyingine pale tu kazi ya mteja inapodai kitu ambacho ya bure haiwezi, na malipo ya kazi hiyo yanapozidi ada. Kila shilingi iandikwe, kwani mali bila daftari huisha bila habari.