Chakula cha Mbwa na Paka wa Shambani: Bei Yake na Namna ya Kukipata

Mkulima hasahau chakula cha ng'ombe wa maziwa wala cha kuku wa mayai, maana akiwanyima huiona hasara upesi, katika ndoo na katika kiota. Lakini mbwa alindaye boma usiku na paka alindaye ghala hawapimiwi kitu. Hula ukoko wa ugali, mchuzi uliobaki, na mfupa siku ya sikukuu. Kisha mwenyewe hulalamika kwamba mbwa amelala wezi walipoingia, na panya wametoboa magunia.

Siku hizi chakula cha mbwa na paka kinauzwa katika maduka makubwa ya mijini, na katika agroveti za miji midogo pia. Ukiuliza bei utashangaa. Sababu si ngumu kuelewa. Kile kizuri zaidi kwa kawaida hutoka ng'ambo, hushushwa Mombasa, na hununuliwa kwa dola. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129. Mwenye duka aliyenunua wakati wa dola ghali hakuweza kukuuzia kwa bei ya zamani. Chakula kinachotengenezwa hapa Kenya ni nafuu, lakini nacho kina mahindi, pumba, soya na omena, na vitu hivi hutakiwa pia na watu, na wafugaji wa kuku na wa nguruwe. Mahindi yakiwa haba, mbwa naye hupata habari.

Basi usiangalie bei ya mfuko peke yake. Hesabu siku. Tuseme una mbwa wa kilo 20, naye hushiba gramu 300 kwa siku za chakula kikavu kilicho kizuri. Mfuko wa kilo 15 utamtosha siku 50. Sasa chukua mfuko mwingine wa kilo 15 uliojazwa pumba, ambao lazima umpe gramu 500 ili asikonde. Huo utakwisha kwa siku 30. Kwa hiyo ule wa pili ni rahisi kweli ikiwa tu bei yake haifiki sehemu tatu katika tano za bei ya ule wa kwanza. Angalia kinyesi pia. Mbwa akitoa kinyesi kingi kuliko unavyotazamia, jua kwamba umenunua pumba na anakurudishia.

Na makopo je? Kopo la gramu 400 huwa na maji mengi sana, mara nyingi gramu 80 katika kila gramu 100. Hapo chakula chenyewe ni gramu 80 tu kwa kopo zima. Kilo moja ya chakula kikavu ina maji gramu 100 hivi, na chakula gramu 900. Yaani kilo moja ya kikavu ni sawa na makopo 11 na zaidi. Makopo ni mazuri kwa mgonjwa au paka mzee asiye na meno, lakini kwa mbwa wa boma ni kununua maji.

Soma maandishi ya mfuko. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, tarehe ya kutengenezwa, na kiasi cha protini. Mbwa mzima yafaa apate protini isiyopungua gramu 18 katika kila gramu 100 za chakula kikavu. Mtoto wa mbwa gramu 22 na zaidi. Paka gramu 26. Duka likikuuzia kwa kupima kilo moja moja, omba uonyeshwe mfuko wenyewe. Mafuta yaliyomo huchacha mfuko ukikaa wazi siku nyingi. Majirani watatu wakinunua mfuko mmoja mpya wakaugawa siku hiyo hiyo, wamepata bei nzuri na chakula kizima. Kihifadhi ndani ya debe lenye kifuniko.

Sasa tuje kwenye jambo linaloua. Mahindi yakiota ukungu, watu wengi husema, "Haya si ya kuliwa, mpe mbwa." Usifanye hivyo kabisa. Ukungu ule hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi, wala kuosha. Mbwa huumia nayo upesi sana: huacha kula, hutapika, macho na ufizi huwa manjano, na wengi hufa. Mwaka wa 1974, katika vijiji vya magharibi ya India, watu walikula mahindi ya namna hiyo wakafa, na mbwa waliokula chakula kile kile walikufa pia. Hapa kwetu, mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini wilayani Machakos kwa sumu hiyo, na 12 wakafa. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Kwa hiyo mbwa akiugua manjano, usihangaike na mbwa tu. Simamisha unga wa nyumba nzima, na mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni matumbo. Watu wakichinja mbuzi, mapafu au maini yenye malengelenge ya maji hutupiwa mbwa mabichi. Katika malengelenge hayo mna watoto wa tegu. Hukua ndani ya mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi yakashika katika manyoya. Mtoto anayecheza na mbwa huyameza, na baada ya miaka hupata uvimbe mkubwa tumboni ambao mara nyingi hutaka kupasuliwa. Turkana ni miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huu umeonekana kwa wingi kabisa duniani. Chemsha matumbo dakika 40 kabla ya kumpa mbwa, na yenye malengelenge yachome au yafukie kwa kina. Uliza pia dawa ya tegu. Bei yake ni ndogo kuliko ya upasuaji.

Mwenye kushindwa na bei ya duka aweza kupika mwenyewe. Kwa mbwa yule wa kilo 20, chukua unga safi wa mahindi gramu 150, ndicho kikombe kimoja, omena kavu gramu 100, kijiko cha mafuta, na sukuma kidogo. Omena ioshwe vizuri, maana ile iliyoanikwa chini huwa na mchanga. Pika pamoja, usitie chumvi wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka, na ndiyo sababu mchuzi wa nyumbani si chakula chao. Omena huliwa na mifupa yake, basi chokaa ya mifupa imo humo. Anayempa mtoto wa mbwa nyama tupu, au ugali na maziwa kidogo, mara nyingi humwona amepinda miguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika kama sindano.

Paka ni mwingine. Yeye hawezi kuishi kwa ugali, hata ukitiwa maziwa, na maziwa yenyewe huwaharisha paka wazima wengi. Lazima apate nyama au samaki, kwa sababu ndani yake mna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha. Akikikosa huwa kipofu, na moyo wake hulegea. Wataalamu walithibitisha habari hiyo ya moyo mwaka wa 1987. Chakula cha mbwa hakimtoshi. Mpe konzi ya omena iliyochemshwa, na moyo wa ng'ombe ukipatikana buchani kwa bei ndogo. Wala usiamini wasemao kwamba paka mwenye njaa ndiye awindaye. Mwenye njaa huondoka kwenda kwa jirani, na panya hubaki kwako.

Ukibadili chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku saba, ukiongeza kipya kidogo kidogo, na maji safi yawepo mchana na usiku.